Ngano Zisizokandika

Kisiwani kwetu ngano haioti. Sisi watu wa Mvita tuliijua ikiwa imeshakuwa unga, ndani ya magunia ya kitambaa yaliyoshuka kwa treni kutoka bara, yakavuka Makupa na kuingia mjini yamechakaa kwa safari. Mama aliukanda unga huo kila alfajiri. Niliamka kwa kishindo cha donge likipigwa juu ya sinia, harufu ya iliki na tui ikipanda ngazi hadi chumbani kwangu, katika nyumba yetu nyembamba ya Mji wa Kale ambayo jua liliikumbuka kwa saa moja tu kwa siku. Wengine hukumbuka harufu ile ya mahamri kwa furaha. Mimi hunitia unyonge, na nimekaa miaka kadhaa bila kumweleza mtu sababu yake.

Katika lugha yetu neno ngano limebeba mizigo miwili. Ni nafaka, na ni hadithi za kale, zile za sungura na majini na wana wa wafalme. Kosa langu lote limo ndani ya neno hilo, na kwa kosa hilo mtu mgonjwa alikaa miezi akiungojea mkate ambao mimi peke yangu ningeweza kumfikishia.

Mtu huyo alikuwa mume wa mama mdogo, ndugu pekee wa mamangu. Alikuwa fundi wa saa huko Unguja, mpole, mwenye vidole vyembamba kama vya mwanamke. Alimposa mama mdogo kabla ya Uhuru wetu na kabla ya Mapinduzi yao, wakati ambapo mtu alivuka kutoka Mombasa kwenda Unguja kama avukaye kutoka chumba hadi ukumbi. Kabla ya kuolewa, mama mdogo ndiye aliyenilea kwa ngano. Alizisimulia akichambua mchele, na kila ilipotokea chuya katikati ya hadithi aliitupa na kusema, "Na huyo naye akafa." Nilicheka mpaka nikalia. Nilipokuwa mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi mwenye daftari kwapani na ndoto ya kuwa mwandishi, nilimwomba aniandikie ngano hizo moja moja. Kila barua ilikuja na yake. Niliwaambia marafiki zangu kwamba nitazitoa kitabu.

Zamani aliandika kwa herufi za Kiarabu, na mama alizisoma mwenyewe, midomo ikicheza, machozi na kicheko vikipishana. Baada ya Mapinduzi mambo yalibadilika. Ilisemekana kwamba barua hufunguliwa njiani, na kwamba zile za herufi za Kiarabu hukaa muda mrefu kuliko nyingine. Sijui kama ni kweli. Mama mdogo aliamini, na kuamini kulitosha. Akajifunza ukubwani kuandika kwa herufi za Kizungu, kubwa, zilizolala upande kama mitende baada ya upepo. Hivyo mamangu, aliyesoma maisha yake yote, akawa hajui kusoma barua za nduguye. Akawa hana budi kunitegemea mimi.

Siku hizo neno lililopendwa midomoni mwa vijana wasomi lilikuwa kujitosheleza. Tulikuwa na chama kidogo cha waandishi, tukikutana juu ya duka moja si mbali na Ngome ya Yesu, tukinywa kahawa na kubishana juu ya mustakabali wa mataifa ambayo hatukuwa tumeyatembelea. Mwezi mmoja nilipewa zamu ya kusoma makala. Nikachagua ngano: Kenya na Tanzania, nani anajilisha na nani analishwa. Nilikaa maktaba siku nyingi. Nilisoma juu ya mashamba ya Njoro na Uasin Gishu, juu ya miinuko ya upande wa Arusha ambako majirani zetu nao walilima ngano lakini isiyowatosha, juu ya unga wetu uliovuka mpaka kwenda kwao. Na Unguja, niliandika, haina hata suke moja.

Asubuhi nilikuwa nikiandika mlangoni, karibu na jiko la mama, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na mwanga. Hapo ndipo mtu mmoja wa reli alipozoea kusimama kunywa chai na kula mahamri mawili kabla ya kwenda kazini bandarini. Alikuwa Mkristo kutoka upande wa Nakuru, amepanga chumba Majengo, na mama alimpenda kwa sababu hakuondoka bila kusema ahsante.

"Mwalimu," akaniuliza siku moja, "unaandika nini asubuhi yote hii?"

"Ngano. Nalinganisha yetu na ya Tanzania."

"Yetu nani?"

"Yetu sisi. Kenya."

Akatafuna polepole. "Mimi nimeikata hiyo ngano yetu tangu nikiwa na urefu wa ndoo hii. Shamba unaliangalia mpaka macho yanachoka. Jioni tunarudi nyumbani, tunakula ugali. Mahamri nimeyajulia hapa kwa mama."

"Basi kula, baba," mama akamwambia huku akigeuza mahamri kwenye mafuta. "Ngano yako imekufuata."

"Imenifuata kweli, mama. Lakini yenyewe ilipanda daraja la kwanza, mimi la tatu."

Mama akacheka mpaka akaushika ukuta. Yule bwana akanigeukia tena, hakuwa amemaliza. "Na ule mwaka wa mahindi ya manjano, Mwalimu, tulipopanga mstari tupewe ya msaada. Siku hizo tulijitosheleza kwa nini? Kwa mistari?"

Nikamjibu kwamba mahindi si ngano, na makala yangu ni ya ngano. Akainua bakuli lake la chai kana kwamba ananipa heshima, akaenda zake. Maneno yake sikuyatia katika makala. Hayakutoka maktaba.

Makala ilipigiwa makofi. Nilikuwa nimeweka mwishoni sentensi niliyoipenda kama mchumba: taifa lisilokanda unga wake halina wimbo wake. Mzee mmoja wa chama akaomba niirudie, nikairudia, na niliporudi nyumbani kwa vichochoro nilikuwa nikitembea kama mtu aliyelisha nchi nzima kwa mkono wake.

Wiki hiyohiyo ikaja barua ya mama mdogo. Nilimsomea mama jikoni. Nduguye alisalimu, akauliza mguu wa mama, akaeleza kwamba baba mdogo bado anasumbuliwa na tumbo, daktari amesema ana vidonda ndani na amemkataza vyakula vigumu. Mama akasema, "Maskini, Mungu amuafu." Kisha nikafika mahali hapa, na hapa ninapanukuu kwa moyo, kwa maana nimepasoma mara nyingi kuliko kitu chochote nilichowahi kukiandika mwenyewe:

"Sasa, mwanangu, nina haja nawe. Ngano zangu zimekwisha. Nimepekua kila pembe, sina hata moja. Babako mdogo halali bila ngano, na hizi za muhogo ninazompa zamkwaruza. Nitumie zako, hata chache, kwa mkono wa mtu, si kwa posta. Dadangu ajua nizipendazo."

Hapo niliacha kusoma kwa sauti. Nilihisi damu ikinipanda usoni kwa furaha. Mama mdogo, chemchemi yangu, alikuwa amekauka na sasa anaomba maji kwangu! Ngano za muhogo nilizielewa vizuri kabisa: ni hadithi za shamba, kavukavu, zisizo na sanaa. Nami ni mwalimu wa lugha. Kama ni unga angeandika ngano imekwisha. Yeye aliandika zimekwisha, kwa wingi, kama isemwavyo kwa hadithi. Sarufi ilinihakikishia. Haikunipitia akilini kwamba mwanamke aliyejifunza herufi ukubwani angeweza kuchagua kiambishi kwa makusudi, ili jicho la mtu asiyemjua lipite juu yake bila kusimama.

"Ndiyo yote?" mama akauliza.

Mama hakuupenda uandishi wangu. Aliuita ugonjwa wa karatasi. Nikaona haja gani kumsomea mambo ya waandishi?

"Ndiyo yote," nikasema, nikaikunja barua.

Nilinakili ngano saba kwa mwandiko wangu bora. Nyingine zilikuwa zake mwenyewe nilizozipamba, nyingine nilizitunga. Nikaongeza na ile makala, nikiamini itamfurahisha kuona mtoto aliyemlea amefika wapi. Nikafunga bahasha nene, nikaifunika kwa khaki, nikaishona kwa uzi, nikampa mtu aliyekuwa akisafiri. Kwa mkono wa mtu, si kwa posta. Hilo nilitii.

Jibu lake lilikuwa fupi. Nalo nalijua kwa moyo:

"Ngano zako zimefika. Nimezisoma zote kwa sauti na babako mdogo akasikiliza. Ni nzuri, mwanangu, lakini hazikandiki. Ile ya kutulinganisha sisi na nyinyi nimeisoma peke yangu."

Hazikandiki! Nililichukua neno hilo kama mtu achukuavyo kofi mbele za watu. Nilidhani ananiambia hadithi zangu ni ngumu, hazina ulaini wa simulizi, mkandaji hakuzitendea haki. Nikawaza: na amejuaje yeye, aliyekaa kisiwani na hadithi za sungura? Mama nikamsomea salamu tu. Sikujibu. Nilinuna mwezi, nikanuna wa pili, na mama alipouliza, "Mbona nduguyangu kimya?" nilisema posta ya kule ni mbovu.

Hata sasa nashindwa kuipima miezi ile miwili. Kwangu ilikuwa ya kawaida: niliingia darasani, nikatoka, nikala mahamri yaliyobaki, mengine nikawapa paka wa kichochoroni kwa sababu yamelala. Kule, katika nyumba ya ghorofa yenye saa nyingi mbovu ukutani, mtu alikuwa akila muhogo uliopondwa na kuchujwa kwa kitambaa cha buibui, akautapika, akaletewa mwingine.

Hayo tulikuja kuambiwa na mwanamke mmoja, jirani wa mama mdogo, aliyefika Mombasa kwa njia ya Tanga kumwona mwanawe. Alikuja kwetu adhuhuri moja, akakaa juu ya mkeka akijipepea kwa ncha ya kanga. Mama akamtilia chai, akamsogezea sahani ya mahamri. Mgeni akalichukua moja, hakulila. Akalitazama. Akaliweka kwenye mkoba wake, taratibu, kama mtu anayelaza kitoto.

"Kula, mwanangu," mama akamwambia. "Hayo ya kuchukua nitakutilia mengine."

"Ahsante, mamangu." Akalitoa mkobani, akalila, macho chini. Kisha akasema, "Mna unga mwingi, mashallah."

"Unga upo. Kwani kwenu vipi?"

Yule mwanamke akamtazama mama, akanitazama mimi, akamrudia mama. "Kwani hamkuandikiwa?"

"Tuliandikiwa kwamba shemeji tumbo lamuuma."

"Lamuuma, ndiyo. Vidonda. Daktari alisema mkate mlaini na maziwa, basi. Na mkate upate wapi? Unga ukija tunapanga mstari tangu alfajiri, ukifika dirishani umekwisha. Kuna wiki hauji kabisa. Twala muhogo, na alhamdulillahi tunao huo muhogo. Lakini yeye hauwezi. Amekuwa shati lililotundikwa, mamangu."

"Na nduguyangu hakuitaja ndaa?" sauti ya mama ilikuwa ndogo. "Hata kwangu mimi?"

"Ataitaja vipi? Njaa haiandikwi barua. Atakayeisoma atasema wewe waitukana serikali. Alitafuta neno. Siku ile aliyolipata alikuja kwangu akicheka: nimeandika ngano, asema, wataona hadithi, na mwanangu ni mwandishi, atalielewa."

Nilikuwa nimeketi kizingitini.

"Ukaja mzigo kutoka kwenu," mgeni akaendelea, na hakuwa akinilaumu, jambo lililozidisha adhabu. "Mzito, umeshonwa kwa uzi. Alishuka ngazi mbio, akanipigia kelele, njoo, umekuja! Tukaufungua juu ya mkeka ili usimwagike. Karatasi." Akatikisa kichwa. "Mumewe kule kitandani akauliza, ni wa mkate au wa chapati? Mkewe akamwambia ni karatasi. Akacheka yule mzee, akacheka mpaka akashika tumbo, akasema, basi zitie chumvi unipikie."

Hakuna aliyecheka jikoni. Mafuta yalikuwa yakichemka, na mama hakuyaepua.

"Ilete," akaniambia.

Nikaenda chumbani nikaileta barua. Akaichukua akaitazama, juu mpaka chini, kwa macho yaleyale yaliyowahi kuzisoma barua za nduguye kwa saa nzima. Akanirudishia.

"Soma. Pale uliponirukia."

Nikasoma. Nilipofika kwenye dadangu ajua nizipendazo, mama akafumba macho. Alijua. Ndugu yake alipenda unga laini uliochungwa mara mbili, wa mikate ya mayai, na jambo hilo lisingehitaji mwandishi kulielewa. Lingemtosha mpika mahamri mmoja asiyejua herufi za Kizungu.

"Mimi nimekuzaa," akasema hatimaye, "na nduguyangu amekulea. Kati yetu wawili, wewe ulikuwa wamsomea nani barua ile?"

Nikaiweka barua juu ya sinia, mbele yake.

Alifanya kazi siku mbili bila kusema nami. Alichunga unga mara mbili, akauanika darini juani juu ya shuka jeupe usiingie wadudu, akaushindilia ndani ya mabati makubwa ya biskuti, akaziba vifuniko kwa nta. Mahamri hakuyapika siku hizo, na watu walibisha mlango wakaenda zao. Yule mtu wa reli peke yake aliambiwa aingie. Mama alimweleza kila kitu, nami nikiwapo, hakuficha hata sehemu yangu. Nilimngojea anicheke. Alikuwa na haki ya kunicheka kuliko mtu yeyote Mombasa. Akauliza tu mabati yako mangapi, akasema anamjua mpishi wa meli inayopita Unguja ikienda Dar es Salaam. Akayabeba mwenyewe, moja kila bega, akateremka kichochoro akijikunja kwenye kona ili yasigonge ukuta. Nilimfuata nikitaka kumpokea moja. Akasema, "Wacha, Mwalimu. Mimi nimezoea kuibeba."

Siku zile nilikwenda kwenye mkutano wa chama mara moja. Mtu mmoja alisoma makala juu ya pamba. Alizilinganisha nchi mbili, akataja miinuko na mvua, sauti yake ikipanda ilipofika kwenye lile neno letu la kujitosheleza. Niliwatazama vijana wenzangu walivyokuwa wamependeza, mashati yamepigwa pasi, vikombe vya kahawa mikononi, nikajiona niko huko mbele nikirudia sentensi yangu kwa ombi la mzee. Nikashuka ngazi kabla ya makofi. Nchi yangu ilikuwa na ngano ya kuuza kwa jirani, na hilo ni kweli, sikulitunga. Ilikuwa kweli pia kwamba mamangu alikuwa na gunia lililojaa na ndugu yake hana kikombe. Na katikati ya gunia na kikombe hapakuwa na bahari wala serikali iliyozuia zaidi ya mimi, niliyeikunja karatasi na kusema ndiyo yote.

Barua ilipokuja, niliiona mezani niliporudi shuleni mchana. Herufi zilezile zilizolala upande. Nikanyoosha mkono. Mama akaiwahi, akaifunga kwenye pindo la kanga yake, akaendelea kupura nguo.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nikivaa ili niende kazini nilipomsikia akisema mlangoni, "Baba, wewe wajua kusoma?"

"Najua kidogo, mama."

"Nisomee hii. Usiruke kitu. Hata usichokielewa, soma hivyohivyo."

Nikasimama nyuma ya pazia la chumba. Nilimsikia yule mtu wa reli akiweka bakuli lake chini, akijifuta mafuta ya vidole kwenye suruali. Kisha akaanza, kwa lafudhi yake ya bara, akikwama kwenye maneno yetu ya pwani, akirudi nyuma kuyachukua moja moja. Hakusoma kwa madaha kama mimi. Alisoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

Mabati yalifika. Mpishi wa meli aliyaleta mwenyewe hadi mlangoni. Baba mdogo alikuwa amezikwa siku kumi na moja kabla.

Akaishusha karatasi. Mama akamwambia, "Soma, baba."

"'Tulikanda siku hiyohiyo,'" akasoma. "'Niliziba madirisha kwa shuka ili harufu isitoke kwa majirani. Kisha nikaona haya, nikayafungua. Wakaja. Walikuja hata nisiowajua. Kila mmoja alipata kipande cha ukubwa wa kiganja cha mtoto, na watu walikula kimya. Nilimwekea kipande chake juu ya sahani yake, dada, sijui kwa nini. Kililala hapo mpaka kikakauka, nami nikakila.'"

Nilisikia mama akivuta pumzi, mara moja, kama mtu aliyechomwa na mafuta. Kichochoroni mtu akapita na mkokoteni, akaenda zake.

"Imekwisha?"

"Bado mstari mmoja, mama. Anauliza kama Mwalimu hajambo, maana hajamsikia siku nyingi."

Mimi nilikuwa nimelishika pazia, chaki ya jana ingali ukuchani, na nilijua kwamba kusogea hatua moja kungetosha, na kwamba nisingesogea.

"Kalamu unayo?" akamwuliza.

"Ninayo."

"Basi niandikie jibu. Mpe pole yangu, nitakwambia namna ya kuisema. Na kwa hilo la mwisho andika: hajambo."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu, baba."